Carol Hutchins: kazi ya ukocha iliyoanzia kwenye kesi ya posho

Mwezi Februari 1979, Jaji Noel Fox wa mahakama ya shirikisho jimboni Michigan alikiamuru Chuo Kikuu cha Michigan State kiache kuwagawia wachezaji wake posho kwa kuangalia jinsia. Timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ikiwa safarini, kila mchezaji alipewa dola 16 za chakula kwa siku. Timu ya wanawake ya chuo hicho hicho, iliyocheza mchezo huo huo, ilipewa dola 11. Hotelini wanaume walilala wawili wawili, wanawake wakabanwa wanne chumba kimoja. Jina la kwanza kwenye orodha ya walalamikaji lilikuwa la msichana wa miaka 21, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Carol Hutchins.

Agosti 2022 mwanamke huyo alitangaza kustaafu ukocha wa softiboli akiwa na ushindi wa mechi 1,707. Hakuna kocha mwingine wa mchezo huo katika daraja la kwanza la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, aliyekuwa amewahi kufika hapo, awe mwanamume au mwanamke. Aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho ni chuo kingine na si Michigan State, kwa misimu 38, na hakuna msimu hata mmoja ambao alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Mara nyingi Hutchins husimuliwa kwa hesabu hizo tu, kisha msimulizi anahamia kwa mwingine. Mimi naona hesabu hizo hazieleweki bila ile posho ya dola 11. Kocha wa timu ya wanawake wa kizazi chake alilazimika kwanza kuitengeneza kazi ndipo aifanye, na sehemu kubwa ya ukocha wake ilifanyika mahali ambapo hakuna anayehesabu mabao: ofisini kwa mkurugenzi wa michezo, kwenye bajeti, kwenye ratiba ya ukumbi wa mazoezi. Ndiyo maana nimekichukua kisa chake na kukifuata tangu mwanzo.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, softiboli ni ndugu wa besiboli. Ilizaliwa Chicago mwaka 1887 kama besiboli ya kuchezwa ndani wakati wa baridi. Mpira wake ni mkubwa, mzunguko wake inchi 12, yaani karibu sentimita 30, na uwanja ni mdogo: kutoka kituo hadi kituo, yaani zile alama ambazo mpigaji hukimbia kuzizunguka ili apate alama ya ushindi, ni futi 60, kama mita 18, wakati besiboli ni futi 90. Mrushaji hurusha kwa chini, akiuzungusha mkono mzima na kuuachia mpira usawa wa nyonga. Katika softiboli ya vyuo anasimama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira ukija kwa kasi ya kilomita 105 kwa saa, mwenye gongo ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au auache upite. Mechi ina zamu saba. Mrushaji mmoja mzuri anaweza kuibeba timu nzima, na jambo hilo litatusaidia tutakapofika mwaka 2005.

Lansing, shule moja na mtu mwingine maarufu

Hutchins alizaliwa Mei 1957 mjini Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan, na kusoma sekondari ya Everett. Miaka miwili nyuma yake shuleni hapo alikuwepo kijana aitwaye Earvin Johnson, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Magic. Wote wawili waliishia Michigan State, chuo cha jirani. Msimu wa 1978/79 Johnson aliiongoza timu ya wanaume hadi ubingwa wa taifa, wakiifunga Indiana State ya Larry Bird mwezi Machi katika mechi ambayo Wamarekani bado wanaizungumzia. Msimu huo huo, mwezi mmoja tu kabla, dada waliokuwa wakicheza kikapu chuoni hapo walikuwa mahakamani wakidai dola tano za tofauti ya chakula.

Nimeyaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanaondoa kisingizio kilichozoeleka, kwamba chuo hakikuwa na fedha. Chuo kilikuwa na fedha, na kilijua jinsi ya kuitunza timu inayosafiri. Kilikuwa kimeamua nani anastahili kutunzwa hivyo.

Wala wanawake wale hawakuwa wachezaji wa kubahatisha. Hutchins alicheza michezo miwili, kikapu na softiboli. Mwaka 1976, akiwa mwaka wa kwanza, alikuwa kwenye kikosi cha softiboli cha Michigan State kilichotwaa ubingwa wa taifa mjini Omaha, Nebraska. Ubingwa huo uliendeshwa na AIAW, chama cha michezo ya wanawake vyuoni, kwani NCAA wakati ule haikuwa na mashindano yoyote ya wanawake. Kwa daraja la kwanza ilianza kuyaandaa msimu wa 1981/82, na AIAW ikafa mara moja baada ya hapo. Ukitafuta ubingwa ule wa 1976 kwenye kumbukumbu za NCAA hutauona, maana kwao historia ya softiboli inaanzia 1982.

Sheria ilikuwepo, lakini

Sheria iliyowapa nguvu walalamikaji inaitwa Title IX. Ilisainiwa Juni 1972, na kiini chake ni sentensi moja: hakuna mtu atakayetengwa au kubaguliwa kwa jinsia yake katika programu ya elimu inayopokea fedha za serikali ya shirikisho. Michezo haikutajwa hata kwa neno moja. Kanuni zilizofafanua kwamba michezo imo ndani zilitoka 1975, na vyuo vikapewa miaka mitatu ya kujirekebisha, hadi Julai 1978. NCAA yenyewe ilikwenda mahakamani 1976 kuzipinga kanuni hizo, ikashindwa.

Kwa hiyo Hutchins na wenzake walipofungua kesi, muda wa kujirekebisha ulikuwa umeshapita miezi kadhaa. Hawakuwa wanaharakati waliotangulia wakati wao. Walikuwa wanadai deni lililoiva, na pengine ndiyo sababu jaji alitoa amri ya muda haraka kuhusu chakula na malazi. Sehemu iliyobaki ya kesi ilikokotwa miaka mingi baada ya wachezaji wale kuhitimu na kutawanyika. Kwenye vitabu vya sheria bado inaitwa kwa jina lake: Hutchins dhidi ya Bodi ya Wadhamini ya Chuo Kikuu cha Michigan State.

Kisha likaja jambo ambalo wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita haraka. Februari 1984 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya chuo cha Grove City, iliamua kwamba Title IX inaibana ile idara tu inayopokea fedha za serikali moja kwa moja, na si chuo kizima. Idara za michezo kwa kawaida hazipokei fedha hizo. Kwa hukumu hiyo moja, sheria iliyokuwa imewalinda wanamichezo wanawake ilikosa meno. Ilibaki hivyo hadi Machi 1988, Bunge lilipopitisha sheria ya kurejesha haki za kiraia, likiishinda kura ya turufu ya Rais Reagan.

Hutchins alipewa timu ya Michigan msimu wa 1985. Weka tarehe hizo kando kwa kando uone. Misimu yake mitatu ya kwanza kama kocha mkuu, na mwanzo wa wa nne, ilianguka ndani ya kipindi kile kile ambacho sheria haikuweza kumsaidia kitu. Aliyekwenda mahakamani akiwa mwanafunzi na kushinda, sasa akiwa kocha hakuwa na mahakama ya kukimbilia. Alibakiwa na hoja zake tu na uvumilivu wake.

Ann Arbor, kabla ya kuta kupambwa

Njia ya kufika huko ilikuwa ya kawaida. Alifanya shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Indiana, akasaidia ukocha hapo, akaongoza timu ya Ferris State mwaka 1982 kwa msimu mmoja, kisha akawa kocha msaidizi wa Chuo Kikuu cha Michigan, kilichopo mjini Ann Arbor, chini ya Bob De Carolis kwa misimu miwili. Alipopandishwa, softiboli ilikuwa na miaka saba tu tangu itambuliwe kuwa timu rasmi ya chuo.

Michigan ni chuo cha mpira wa miguu wa Kimarekani. Uwanja wake unabeba zaidi ya watu laki moja, na mkurugenzi wa michezo wa enzi hizo, Don Canham, alikuwa mmoja wa wapinzani waliojulikana wa jinsi Title IX ilivyotumiwa kwenye michezo. Kocha kijana wa softiboli kwenye idara ya namna hiyo alikuwa mtu wa pembeni. Waswahili wana msemo kwamba kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, na ndivyo madai ya timu za wanawake yalivyopokewa katika idara nyingi za michezo kwa miaka mingi.

Kuna upande wa pili wa kupuuzwa ambao sina budi kuusema. Timu ya Hutchins iliingia mashindano ya NCAA kwa mara ya kwanza 1992, msimu wake wa nane. Fainali za taifa zinazokutanisha timu nane ilizifikia kwa mara ya kwanza 1995, msimu wa 11. Leo kocha wa chuo kikubwa akikaa misimu saba mfululizo bila kuingia mashindano ya taifa, wa nane hauoni. Hutchins alipata muda huo kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna mkubwa aliyekuwa akiitazama softiboli kwa karibu kiasi cha kumfukuza mtu. Alichofanya na muda huo ni sifa yake mwenyewe: alishinda zaidi ya alivyopoteza kila mwaka, na kila mwaka aliomba kitu kimoja zaidi.

Sidai kwamba hukumu za mahakama zilishinda mechi. Lakini mfuatano wake unaeleweka. Sheria ilirejeshewa nguvu 1988. Februari 1992 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyotoka Georgia, kwamba aliyebaguliwa chini ya Title IX anaweza kulipwa fidia ya fedha. Tangu siku hiyo kumnyima mwanamichezo mwanamke haki yake kukawa na gharama ambayo wanasheria wa chuo waliweza kuipigia hesabu. Timu za wanawake nchi nzima zikaanza kupata ufadhili kamili, makocha wa kudumu na viwanja vya kwao. Faida hiyo ilivuka hata bahari: Sally Kipyego, mkimbiaji aliyetoka Kenya na kutwaa mataji tisa ya NCAA akiwa Texas Tech, alisomeshwa kwa ufadhili wa aina hiyo, uliopatikana baada ya wanawake wa Marekani kwenda mahakamani.

Theluji

Softiboli ya vyuo huanza Februari. Ann Arbor, Februari ni theluji. Timu za California na Arizona zinafanya mazoezi nje mwaka mzima, kwenye udongo ule ule watakaochezea. Timu ya Michigan ilijifungia ndani ya Oosterbaan, ukumbi mkubwa uliojengwa kwa ajili ya mpira wa miguu wa Kimarekani, ikijifunza kudaka mipira inayodunda kwenye zulia bandia, halafu ikapanda ndege wiki baada ya wiki kwenda Florida, Arizona au California kucheza ugenini. Mechi ya kwanza ya nyumbani mara nyingi ilisubiri hadi mwisho wa Machi au Aprili.

Msomaji asione hili kuwa jambo dogo la hali ya hewa. Tangu NCAA ianze kuandaa ubingwa wa softiboli 1982 hadi 2004, hakuna chuo cha mashariki ya mto Mississippi kilichowahi kuutwaa. Katika mashindano hayo 23, UCLA na Arizona peke yao walishinda 17, tukilihesabu na taji la 1995 ambalo UCLA walinyang'anywa baadaye. Wasichana wenye vipaji walikulia Kusini mwa California wakicheza miezi 12 kwa mwaka. Ili kumleta mmoja wao Michigan, kocha alitakiwa amshawishi ahame jua aje kwenye baridi, kwa ahadi ya elimu nzuri na timu inayomheshimu.

Na hapo kuna hesabu ya fedha. Kwa miaka mingi NCAA iliruhusu kila timu ya softiboli ufadhili wa wanafunzi 12 tu, ambao kocha aliweza kuugawa vipande vipande kwa kikosi cha watu 20 hivi. Huyu nusu, yule robo, mwingine vitabu tu. Kosa moja la tathmini ya mrushaji wa miaka 17 lilikula sehemu ya bajeti kwa miaka minne. Ukomo huo umeondolewa kuanzia msimu wa 2025/26, na vyuo vilivyoridhia mkataba mpya vinaweza kufadhili wachezaji hadi 25, lakini kazi ya Hutchins ilifanyika chini ya ukomo wa namna ile.

Nadhani namna alivyolishughulikia tatizo hili ndiyo inayomtofautisha na makocha wengi wa kaskazini, ambao waliifanya baridi kuwa sababu ya kutofika mbali. Aliwatafuta wachezaji wa California, na aliowapata walikuwa wakubwa. Sierra Romero kutoka Murrieta ndiye aliyekuja kuwa mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 2016. Lakini msingi wa kikosi ulibaki watoto wa majimbo ya karibu waliozoea kuvaa glovu mbili. Na ile ratiba ya kusafiri, ambayo wengine waliiona kuwa adhabu, aliitumia kuwapeleka wachezaji wake wakakutane na timu bora zaidi nchini mwezi Februari, wakafungwe ikibidi, ili Mei isiwe mara yao ya kwanza kuwaona.

Juni 2005

Msimu huo Michigan ilifika Oklahoma City, mahali fainali huchezwa, ikiwa na mrushaji Jennie Ritter. Ritter alitoka Dexter, mji mdogo ulio jirani kabisa na Ann Arbor. Ulikuwa mwaka wa kwanza ubingwa kuamuliwa kwa mechi tatu badala ya moja, na mpinzani alikuwa UCLA, bingwa wa miaka miwili iliyotangulia.

Mechi ya kwanza UCLA walishinda 5–0. Kwa utaratibu wa zamani ubingwa ungekuwa umeshakwenda Los Angeles. Ya pili Michigan wakashinda 5–2. Ya tatu ilichezwa Juni 8. Zamu saba ziliisha matokeo yakiwa 1–1. Ya nane ikapita, ya tisa ikapita. Katika zamu ya 10, Samantha Findlay, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Illinois, aliupiga mpira ukavuka uzio, wenzake wawili wakiwa kwenye vituo, na wote watatu wakapata alama. Matokeo yakawa 4–1. Ritter akafunga zamu ya mwisho, na kwa mara ya kwanza ubingwa wa NCAA wa softiboli ukavuka Mississippi kwenda mashariki.

Michigan ilimaliza mwaka huo na ushindi 65 na kushindwa mara saba. Mrushaji alitoka jirani, aliyepiga pigo la ubingwa alitoka jimbo la kaskazini kama lao. Napenda kukaa kwenye jambo hili kwa sababu linajibu swali ambalo wakurugenzi wa michezo waliuliza kwa miaka 20: je, inafaa kuwekeza kwenye softiboli mahali penye theluji? Vyuo vya mashariki na kusini-mashariki viliona jibu. Tangu hapo mataji yamekwenda Alabama, Florida mara mbili, na Florida State.

Hutchins alikaribia tena 2015. Florida walichukua mechi ya kwanza 3–2, Michigan wakajibu 1–0, Florida wakamaliza kwa 4–1. Jumla alifika fainali za taifa mara 12, na taji likabaki moja.

Wapo wanaoliona taji hilo moja kuwa doa, hasa wakimlinganisha na Mike Candrea aliyetwaa manane akiwa Arizona, au Patty Gasso wa Oklahoma mwenye manane pia. Siwezi kukubaliana nao. Candrea ni gwiji, na Gasso amejenga timu ambayo mwaka 2024 ilikuwa ya kwanza kutwaa ubingwa mara nne mfululizo. Lakini wote wawili walijengea mahali ambapo mchezaji wa California hahitaji kununua koti zito. Kipimo cha haki kwa Hutchins ni ligi yake, Big Ten, ambamo kwa muda mrefu wapinzani wote waligandishwa na baridi ile ile. Huko alitwaa ubingwa wa ligi mara 22. Mtu anayeshinda mara 22 kati ya misimu 38 dhidi ya wenye mazingira sawa na yake hana deni la kumwelezea mtu.

Nani anakaa kwenye benchi

Mwaka 1972, Title IX ilipopitishwa, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Kufikia 2014 ilikuwa kama asilimia 43. Sheria iliyofungua milango kwa wachezaji ilifungulia pia mishahara, na mishahara ilipopanda kazi zile zikaanza kuombwa na kupewa wanaume. Idara za michezo za wanawake, zilizokuwa na wakurugenzi wao wanawake, zilimezwa na za wanaume, na waliokuwa wakuu wakawa wasaidizi. Upande wa pili mlango haukufunguka: ni nadra sana mwanamke kufundisha timu ya wanaume.

Hutchins alilisema jambo hili waziwazi mwaka baada ya mwaka, hata pale lilipowakera makocha wenzake. Ila alilijibu zaidi kwa watu aliowaajiri. Bonnie Tholl alichezea Michigan kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, akarudi kuwa msaidizi wake na kukaa karibu miongo mitatu. Jennifer Brundage, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, alijiunga nao kufundisha warushaji na hakuondoka hadi Hutchins anastaafu. Kikosi cha makocha watatu wanawake wakidumu pamoja zaidi ya miaka 20 ni jambo la ajabu katika michezo ya vyuo ya Marekani, ambako msaidizi mzuri huhama kila baada ya miaka mitatu kufuata cheo.

Nimejiuliza kama kulikuwa na gharama. Tholl angeweza kuwa kocha mkuu mahali pengine mapema sana, na kila mwanamke hodari anayebaki msaidizi ni kiti kimoja cha ukuu kinachokwenda kwa mwingine. Bado naona alichochagua kina mantiki. Mchezaji wa miaka 18 aliyeingia Ann Arbor alimkuta mwanamke akiongoza, mwanamke akipanga ulinzi na mwanamke akifundisha urushaji, wote wakiwa na uhakika wa kazi zao. Kwa wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona.

Ndani ya miaka hiyo alipigana pia na usajili wa watoto wadogo. Ilifika mahali vyuo vinawaahidi ufadhili wasichana ambao hawajamaliza hata elimu ya msingi ya juu, miaka 13 au 14, kwa kuhofia kutanguliwa. Hutchins alikuwa miongoni mwa makocha waliopaza sauti kwamba mtoto wa umri huo hajui atataka kusoma nini, wala kocha hajui bega lake litakuwaje. Aprili 2018 NCAA iliweka kanuni kwa softiboli: hakuna mawasiliano ya usajili kabla ya Septemba Mosi ya mwaka wa tatu wa sekondari. Kanuni hiyo ni sehemu ya urithi wake, ingawa haiandikwi kwenye ubao wa matokeo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 2016 alimpita Margie Wright wa Fresno State, aliyekuwa na ushindi 1,457. Mwanzoni mwa msimu wa 2022 alimpita Candrea, aliyestaafu mwaka uliotangulia na ushindi 1,674. Katikati yake ulikuwepo msimu wa 2020 uliofutwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, timu nzima ikirudishwa nyumbani.

Michigan ya wakati huo haikuwa tena ile ya 2015. Mara ya mwisho kufika fainali za taifa chini yake ilikuwa 2016. Vyuo vya kusini vilikuwa vimeingiza fedha nyingi kwenye softiboli, viwanja vikubwa vikajengwa, na wachezaji wakapata uhuru wa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mmoja. Timu iliyojengwa kwa mchezaji anayekaa miaka minne, akianza mgongoni mwa wakubwa na kumaliza akiwa nahodha, ilianza kukutana na timu zinazonunua mrushaji aliyekwisha komaa. Msimu wake wa mwisho uliishia hatua ya kanda. Aliondoka akiwa na miaka 65, na ushindi 1,684 kati ya ile 1,707 aliupata Michigan. Hakuna kocha wa mchezo wowote katika historia ya chuo hicho, hata wale wa uwanja wa watu laki moja, aliyewahi kushinda mara nyingi hivyo. Uwanja wa softiboli hapo sasa unaitwa kwa jina lake.

Siku aliyotangaza kuondoka, chuo hakikuhitaji kutafuta mrithi. Tholl alipewa timu papo hapo. Mwaka 2024 akatwaa ubingwa wa mashindano ya Big Ten. UCLA nao walijiunga na ligi hiyo mwaka huo huo, kwa sababu za fedha za televisheni, na tangu hapo wanasafiri kucheza kwenye baridi ya kaskazini. Mei 2025 wakakutana na Michigan kwenye fainali ya mashindano ya ligi, na Michigan wakashinda 2–0.